Kioo chenye vumbi na kioo kilichofutwa: kisa cha darubini moja

Darubini iliyoletwa mezani ilikuwa ya vioo, kioo kikuu chenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi mahali mwanga unapokutana na kufanya picha, wa milimita 1200. Mtunzaji wake ni mwalimu wa fizikia anayeiendesha kwa ajili ya kikundi cha watazama nyota. Malalamiko yake yalikuwa wazi: Mwezi ukitazamwa unazungukwa na weupe unaomwagikia anga jeusi la kando yake, mikanda ya Mshtarii imefifia, na nyota hafifu zilizoonekana zamani hazionekani tena. Mkosaji alikuwa ameshamjua. Alifungua mdomo wa bomba, akamulika tochi hadi chini, akasema, "Fundi, jionee mwenyewe. Kioo kimekwisha hiki."

Kilichoonekana kilitisha kweli. Vumbi lilikuwa limetanda uso mzima, kulikuwa na madoa ya mviringo yaliyoachwa na matone ya umande, na karibu na ukingo zilikuwepo nyuzi nyembamba za kijivu zilizotambaa kutoka kwenye vitovu vyao. Hiyo ni kuvu. Kioo kidogo cha mshazari, kile kinachoupinda mwanga na kuupeleka kwenye lenzi ya jicho, kiling'aa. Mwalimu alinieleza sababu: kijana mmoja wa kikundi alizoea kukifuta kwa leso kabla ya kila kikao, kwa kuwa kiko karibu na mdomo wa bomba na mkono unakifikia. Sasa walitaka kioo kikubwa nacho kipate huduma hiyohiyo. Mwalimu alikuja na chupa ya dawa ya kusafishia madirisha na kitambaa cha miwani. Alichoomba ni kuonyeshwa tu namna ya kukitoa kioo kwenye bomba bila kukivunja.

Niseme mapema tulichokuja kukigundua, maana ndicho kinachokifanya kisa hiki kistahili kuandikwa kwa urefu. Kioo kilichotisha kilichangia kidogo mno kwenye ule weupe. Picha iliharibiwa na kile kilichong'aa, kikisaidiwa na lenzi ya jicho.

"Chupa hiyo iweke pembeni kwanza, Mwalimu," nilimwambia. "Tuangalie kilicho juu ya kioo, halafu tuangalie kilicho chini ya hicho."

Utando ambao mkono hauuhisi

Kioo cha darubini ukikishika ni kizito na kinene, na uzito huo unampa mtu imani isiyostahili. Kioo cha kujitazamia nyumbani kina utando wake wa kuakisi upande wa nyuma. Mbele unalindwa na kioo chenyewe, nyuma unalindwa na rangi. Cha darubini utando wake uko mbele, wazi, kwa sababu mwanga ukilazimika kupenya kioo kwanza utaakisiwa mara mbili na kuleta picha juu ya picha. Utando huo ni alumini yenye unene wa nanomita 100 hivi. Ungepanga tabaka 10,000 za namna hiyo ndipo ufikishe milimita moja.

Juu ya alumini, viwanda vingi huweka utando wa pili wa oksidi ya silikoni, nao mwembamba vilevile. Kinga hiyo inasaidia dhidi ya hewa na unyevu, na inaruhusu kioo kuoshwa kwa uangalifu. Mbele ya mchanga haifui dafu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, alumini iko chini ya 3, kioo chenyewe kiko kati ya 5 na 6 na kitu, na silika, madini yaliyojaa kwenye mchanga na vumbi la kawaida, iko kwenye 7. Ukiburuta kitambaa kikavu juu ya vumbi, chembe zinanaswa kwenye nyuzi zake na kukokotwa chini ya uzito wa kidole, kila moja ikichora mstari wake. Kitambaa kinaweza kuwa laini kuliko vyote duniani na matokeo yakawa yaleyale, kwa sababu kinachokwaruza ni chembe iliyo katikati.

Dawa ya madirisha ina ubaya wake wa pekee. Nyingi zina amonia, na alumini haivumilii kemikali za namna ya magadi: zikipenya kwenye kitundu cha utando wa juu zinaanza kuila alumini iliyo chini, na kitundu kinapanuka. Nyingine zina manukato na viungo vya kung'arisha vinavyobaki juu ya kioo baada ya maji kukauka. Kwenye dirisha hakuna anayeona masalia hayo. Kwenye darubini yanaonekana kila usiku.

Kabla ya alumini mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika miaka ya 1850 Léon Foucault wa Ufaransa na Carl August von Steinheil wa Ujerumani walianza kutengeneza vioo vya darubini kwa kupaka kioo fedha. Fedha inaakisi vizuri sana ikiwa mpya, ila hupoteza mng'ao haraka, na wenye darubini walilazimika kuipaka upya mara kwa mara. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Marekani John Strong aliendeleza njia ya kuvukiza alumini ndani ya ombwe ili itue juu ya kioo, na mwaka 1935 kioo cha inchi 100 cha Mount Wilson, kituo cha kutazama anga huko California, kilipakwa kwa njia hiyo. Alumini hujitengenezea oksidi angavu inayoilinda, ndiyo maana inadumu miaka.

Historia hiyo ina jambo moja linaloongoza uamuzi wowote wa kusafisha. Utando unaweza kuyeyushwa ukapakwa mwingine. Umbo la kioo chini yake halirudishwi kwa dawa wala kwa kitambaa. Kioo kizuri kimerekebishwa umbo hadi kosa lake lisizidi robo ya wimbi la mwanga, na kwa mwanga wa kijani wenye wimbi la nanomita 550 robo hiyo ni nanomita 137.5. Kwa hiyo ninaposikia mtu akishauriwa kuondoa madoa kwa dawa ya meno au unga wowote wa kusugua, roho inaniuma. Dakika chache za kusugua zinaweza kufuta kazi ya mikono ya mtu aliyekaa na kioo hicho akikipima na kukirekebisha hadi kikakubali.

Tochi inaonyesha vumbi, haipimi hasara

Mwanga wa tochi unaoingia kwa pembe hugonga vumbi na kutawanyika kuja kwenye jicho la anayetazama, ilhali ule unaoakisiwa vizuri unaelekea upande mwingine na hauonekani. Ndiyo maana vumbi linajitokeza peke yake gizani. Kioo kilichokaa wazi kwa wiki chache tu kinaweza kutisha kwa tochi na bado kikatoa picha safi.

Tukapiga hesabu na mwalimu, naye akaifurahia kwa sababu ni hesabu ya kidato. Kioo cha mshazari kina kipenyo cha milimita 50 na kinaning'inia katikati ya njia ya mwanga. Hamsini ni robo ya mia mbili, kwa hiyo kinaziba moja ya kumi na sita ya eneo, asilimia 6.25. Darubini ilibuniwa hivyo, na mikanda ya Mshtarii ilionekana miaka yote. Vumbi la kioo kikuu tulilikadiria kwa lenzi ya kukuzia, tukichagua vipande vichache vya uso na kutazama sehemu iliyofunikwa. Halikufika asilimia 2 ya eneo. Lingezuia kiasi hicho cha mwanga na kutawanya kiasi kinachokaribiana nacho. Ni hasara, na mwenye jicho zuri anaweza kuigundua kwenye anga jeusi la kando ya Mwezi, lakini haiwezi kuleta weupe tulioelezwa.

Kioo cha mshazari kilikuwa na habari nyingine. Tulikitazama chini ya taa moja iliyowekwa upande, tukikigeuzageuza polepole. Katika pembe nyingi kiling'aa bila dosari. Katika pembe moja ikajitokeza michirizi ya rangi za upinde wa mvua iliyotandazwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na chini yake mikwaruzo mingi ya duara, mizunguko juu ya mizunguko, ikifuata mwendo wa mkono uliokuwa ukizungusha leso. Mafuta ya ngozi yalikuwa yametandazwa uso mzima. Vumbi huziba sehemu ndogo na kuacha nyingine safi, ila mafuta hufunika pote, manene hapa, membamba pale, na kila mchirizi unatawanya mwanga.

Lipo pia suala la mahali, na hili watu wengi hawalifikirii. Mwanga wote uliokusanywa na kioo cha milimita 200 unabanwa na kupita kwenye eneo dogo mara kumi na sita au zaidi unapofika kwenye kioo cha mshazari. Doa la ukubwa uleule linagusa sehemu kubwa zaidi ya mwanga pale kuliko kwenye kioo kikuu. Kwenye lenzi ya jicho mwanga umebanwa zaidi tena. Kwa hiyo usafi una uzito mkubwa kadiri unavyoikaribia fokasi, na watu hufanya kinyume chake: wanahangaika na kioo kikubwa kilicho chini ya bomba, huku lenzi iliyo sentimita moja kutoka kwenye kope zao ina mafuta ya kope za kikundi kizima.

Kimoja baada ya kingine

Tulikubaliana kusafisha kitu kimoja, kutazama, kisha kwenda kingine, ili tusije tukasifu hatua isiyostahili sifa. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: kuusogeza Mwezi hadi utoke tu nje ya uwanja wa kuona, kisha kutazama weusi unaobaki. Mwanga uliotawanyika hauna pa kujificha pale. Tulianza na kile ambacho kikiharibika hasara ni ndogo.

Lenzi ya jicho ilipulizwa kwanza kwa kipulizio cha mpira cha mkono, ikapitishiwa brashi laini, kisha karatasi ya lenzi iliyolowekwa kidogo kwa isopropanoli, aina ya alkoholi, ikapita kutoka katikati kuelekea ukingoni kwa mzunguko unaopanuka. Neno "kidogo" nalisisitiza. Kimiminika hakidondoshwi juu ya lenzi yenyewe, kwa sababu hunyonywa na mwanya uliopo kati ya lenzi na pete yake na kubeba uchafu hadi ndani, ambako hakuna wa kuufikia bila kuifungua. Lenzi nyingi zina utando wa kupunguza mwanga unaoakisiwa, mara nyingi floridi ya magnesiamu yenye unene wa nanomita 100 hivi. Uso mtupu wa kioo huakisi na kupoteza asilimia 4 ya mwanga. Tabaka moja la floridi hiyo linashusha hasara hadi kama asilimia moja na nusu. Tabaka hilo ni gumu na linavumilia kufutwa vizuri. Likikwaruzwa, hata hivyo, haliyeyushwi na kupakwa upya kirahisi kama alumini ya kioo.

Weupe ukapungua. Ulibaki mwingi.

Kioo cha mshazari kimegandishwa kwa gundi ya silikoni kwenye mshikio wake, kwa hiyo hakizamishwi majini. Tulikitoa pamoja na mshikio, tukakipuliza uso ukiwa umeelekea chini, kisha tukakiinamisha na kukisuuza kwa maji yaliyokenekwa kutoka kwenye chupa ya kubinya, yakishuka kutoka juu na kubeba chembe bila mkono wa mtu kugusa. Maji hayakutanda. Yalijikusanya katika matone yaliyokimbia kila upande, ushahidi mwingine wa mafuta, kwa sababu juu ya uso safi maji hutandaa.

Hatua iliyofuata ndiyo niliyotaka mwalimu aijue kwa mikono yake mwenyewe. Karatasi mpya ya lenzi ililazwa juu ya kioo, yakadondoshwa juu yake matone mawili ya isopropanoli yenye usafi wa asilimia 99. Karatasi ikalowa, ikanywea na kushikamana na uso. Aliikamata ncha moja kwa kibano akaanza kuivuta, hakuna kidole kilichokandamiza popote. Siri iko kwenye mwendo. Karatasi inavutwa kwa kasi ileile ambayo kimiminika kinakauka nyuma yake, hivyo ukingo wa karatasi unafuatwa na ukanda mwembamba wa unyevu unaotoweka palepale. Ukiharakisha, kimiminika kinabaki nyuma, kinajikusanya, kisha kinakauka na kuacha alama za mviringo za uchafu uleule uliotaka kuuondoa. Mara ya kwanza alivuta kwa haraka na alama zikabaki. Baada ya hapo akaupata mwendo, na kila mvuto ulikula sehemu ya ile michirizi ya rangi. Kila karatasi ilivutwa mara moja ikatupwa, kwa sababu upande wake wa chini tayari umebeba chembe.

Asetoni ingeyeyusha mafuta haraka zaidi, na kwenye kioo kilicho peke yake ningeitumia. Hapa kulikuwa na mshikio wenye rangi na plastiki kandokando, na asetoni hula vyote viwili, kisha huleta kilichoyeyuka juu ya kioo.

Tuliporudi kwenye Mwezi tofauti ilikuwa kubwa, mwalimu akaita wenzake waje waone. Anga la kando lilikuwa jeusi tena, isipokuwa mwangaza mdogo uliobaki ukielekea upande mmoja hadi mwingine katika mistari. Hiyo ilikuwa mikwaruzo. Mafuta yalitoka, ila leso ilikuwa imeondoa alumini, na hakuna dawa inayorudisha alumini.

"Sasa kile kikubwa tukiache?" mwalimu aliuliza. Swali zuri, na jibu lake si lilelile kwa kila kioo. Kingekuwa na vumbi peke yake, ningesema kiachwe, kipulizwe tu mara mojamoja. Kuvu ndiyo iliyobadilisha uamuzi. Kuvu hutoa asidi zinazokula utando na hatimaye kioo chenyewe, na kila mwezi inaongezeka. Alama za vidole, kinyesi cha wadudu na chumvi ya bahari navyo havisubiriwi, kwa sababu vinaendelea kufanya kazi ya kemia hata darubini ikiwa kabatini. Vumbi kavu halifanyi hivyo.

Kuosha kisichofutwa

Kabla ya kukitoa tulichora alama ya penseli ubavuni mwa kioo na nyingine kwenye kitako chake, ili kirudi kilivyokuwa. Vua pete, saa na chochote kinachoning'inia shingoni. Beseni la plastiki lilitandikwa taulo chini, maana kioo chenye maji na sabuni kinateleza na ukingo wake humeguka kirahisi. Maji yalikuwa na joto la chumba. Kioo kinene kikipata maji ya moto upande mmoja hupasuka, na hilo halina marekebisho.

Kilianza kusuuzwa kwa maji yanayotiririka kwa muda mrefu kuliko subira ya watu waliokuwepo. Hii ndiyo hatua inayookoa utando, kwa kuwa chembe zinazotoka sasa hazitapata nafasi ya kukokotwa baadaye. Kisha kililala ndani ya maji yenye matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na manukato wala mafuta ya kulainisha mikono, kwa robo saa hivi. Vumbi lililogandishwa na umande lililegea lenyewe.

Ndipo tukatumia pamba, ile ya hospitali ambayo ni pamba tupu, isiyochanganywa na nyuzi za plastiki. Donge la pamba lilichovywa na kuwekwa juu ya kioo kikiwa bado chini ya maji, likavutwa kwa uzito wake lenyewe. Vidole viliongoza, havikubonyeza. Lilipovutwa lilizungushwa kidogokidogo kuelekea juu, ili sehemu iliyogusa kioo iinuke na kuondoka pamoja na ilichookota. Ukiligeuza mwishoni unaona doa la kijivu kwenye pamba, na mara nyingine punje moja ya mchanga iliyozama kati ya nyuzi. Punje hiyo ndiyo sababu ya kutotumia donge lilelile mara mbili. Nyuzi za kuvu zilitoka kwa urahisi kuliko tulivyotarajia. Chini yake zikabaki alama hafifu za njia zilimopita.

Tukasuuza tena kwa maji ya bomba, kisha kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba yana madini, na tone likikauka juu ya kioo madini hubaki yakichora ukingo wa tone hilo. Yale madoa ya umande tuliyoyakuta yanatokea kwa njia inayofanana, umande ukiyeyusha uchafu ulio juu ya kioo na kuukusanya pembeni unapokauka. Kioo kilisimamishwa wima kidogo kiegemee, maji yakashuka kwa pamoja hadi ukingoni. Matone machache yaliyokaidi yalinyonywa kwa ncha ya karatasi iliyoguswa ubavuni mwa tone, bila kufuta. Sehemu zilizokuwa na kuvu zilipata isopropanoli kwa njia ya karatasi ya kuvutwa, ili kuua kilichosalia.

Tukiwa bado nacho mkononi tulikipeleka chumba chenye giza na kuweka taa kali nyuma yake. Alumini nzima huzuia mwanga. Penye kitundu panaonekana nukta. Zilionekana nukta chache zilizotapakaa, na karibu na ukingo eneo dogo lililopauka pale kuvu ilipokaa. Kwa kioo cha umri wake hali hiyo ni nzuri. Kiliporudishwa kwenye kitako chake, vishikizo vya mbele viliachwa na mwanya wa unene wa karatasi. Vikibana, kioo hujipinda kiasi cha kuharibu umbo la nyota, na mtu atadhani kuosha ndiko kulikokiharibu. Kisha vioo vikarekebishwa upya ili vielekeane sawasawa.

Mwezi ulipotazamwa tena, wengi hawakuona tofauti yoyote na hatua iliyopita. Mwalimu alidhani anaona weusi zaidi kidogo, na kwa hesabu yetu ya asilimia chache huenda alikuwa sahihi.

Njia zilizopendekezwa tukazikataa

Mmoja wa kikundi alileta kopo la hewa ya kubanwa. Makopo hayo yakiinamishwa hutapika kimiminika baridi kinachoacha madoa na kukishtua kioo kwa baridi. Kompresa ya gereji hutoa hewa yenye mafuta na maji. Kupuliza kwa mdomo huleta mate. Kipulizio cha mpira ni kifaa cha kawaida kisichovutia, nacho ndicho kinachofaa.

Mwingine alisoma kuhusu polima inayopakwa ikakauka na kuchubuliwa kama ngozi, ikiondoka na chembe zote. Njia hiyo ni ya kweli na ni nzuri sana. Hutumika kwenye vioo vya LIGO, mitambo ya Marekani ya kunasa mawimbi ya mvutano kwa leza, ambavyo ni silika safi yenye kipenyo cha sentimita 34 na uzito wa kilo 40, na ambamo chembe moja inayofyonza mwanga wa leza ni tatizo kubwa. Kwa utando wa alumini uliozeeka, uliolika na kuvu na kukwaruzwa, sikukubali. Polima inayoshika vizuri uchafu inaweza pia kushika alumini iliyolegea na kuibandua.

Vituo vikubwa vya kutazama anga hutumia theluji ya kaboni dioksidi: gesi inatoka kwenye mdomo mwembamba ikiwa vipande vidogo vya barafu kavu ya nyuzi 78 chini ya sifuri, vinasukuma chembe na kugeuka gesi bila kuacha kitu. Wahandisi wa NASA walikifanyia jaribio hilo kioo cha majaribio cha darubini ya James Webb mwaka 2015. Penye hewa yenye unyevu baridi hiyo inavuta maji ya hewani kuganda juu ya kioo, kwa hiyo inahitaji hewa kavu na mtu aliyefundishwa. Na haitoi mafuta yaliyogandamana wala kuvu iliyoota mizizi. Kisa chetu kilikuwa cha mafuta na kuvu.

Ilikotoka kuvu

Kusafisha bila kujua kuvu ilipata wapi maji kungekuwa kupoteza muda. Mwalimu alieleza desturi yao: kikao kikiisha usiku wa manane bomba limelowa umande, wanalifunika vifuniko pande zote na kulitia kwenye mfuko wake, kwa nia njema ya kulikinga na vumbi. Kwa maneno mengine, maji yalikuwa yakifungiwa ndani pamoja na vioo. Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 70, na ndani ya bomba lililofungwa likiwa na umande unyevu hukaa karibu na 100 kwa saa nyingi. Kisanduku cha lenzi za jicho nacho kilikuwa na bitana ya ngozi, ambayo yenyewe ni chakula cha kuvu.

Sasa utaratibu ni mwingine. Kama vioo vingali vikavu, vifuniko vinawekwa nje kabla darubini haijaingizwa ndani, ili umande utue juu ya bomba badala ya vioo. Kama vimeshalowa, darubini inaingizwa na kuachwa wazi, ikilazwa na mdomo umeinama kidogo, hadi ikauke yenyewe. Kufunika ni asubuhi. Hakuna anayeharakisha ukaukaji kwa kitambaa. Kabati lina kipimo cha unyevu, nao unawekwa kati ya asilimia 40 na 50 kwa vifurushi vya silika jeli inayobadilika rangi ikishiba, ikakaushwa kwenye joko na kurudishwa. Lenzi zimehamia kwenye kisanduku cha plastiki kinachofungika vizuri, na ile bitana imetupwa.

Kioo cha mshazari kimepelekwa kupakwa alumini upya. Kijana wa leso ndiye aliyekifunga kwenye boksi lake la kusafiria, uso ukiwa haugusi kitu, na ndiye aliyekabidhiwa kipulizio. Kioo kikuu tumekiacha na alama zake za ukingoni. Mwalimu amekipiga picha kikiwa na taa nyuma yake, taa na kamera zikiwa kwenye umbali ulioandikwa, na picha hiyo itarudiwa kwa mpangilio uleule kila mwaka. Nukta zikiongezeka kidogo, kitabaki kazini. Lile eneo lililopauka likianza kutambaa kuelekea katikati, au alumini ikianza kububujika na kubanduka, nacho kitafungwa kwenye boksi.